Punda Si Fuso, na Hata Fuso Hupimwa Mizani

Juzi, njia ya Mkata, nimepishana na punda kabeba madumu sita ya maji. Mwenyewe yuko nyuma na fimbo. Nikamuuliza, "Kaka, mzigo huo kilo ngapi?" Akanijibu, "Maji hayana kilo, bwana shamba, yana lita."

Haya, tuhesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 ni kilo 20, sita ni kilo 120. Punda wetu wengi wana kilo 150 hivi. Yaani alikuwa anakaribia kumbeba punda mwenzake!

Mgongoni mwisho ni theluthi ya uzito wake: kilo 50, tena kwa punda mwenye afya aliyetimiza miaka minne. Madumu mawili, moja kila ubavu. Si mawili na kidogo cha bibi juu ya uti wa mgongo. Mahindi ni debe moja huku, moja kule. Lumbesa, gunia la kujaza kupita kiasi, msiitaje mbele yangu.

Fuso likizidishiwa, springi hukatika, unatuma mtu Korogwe alete nyingine. Barabarani kuna mizani na faini. Punda hapimwi, hana spea wala honi. Akichoka anasimama tu, nanyi mnasema mkaidi. Injini imechemka hiyo! Na ule usemi wa "punda afe, mzigo ufike" nauliza: akifa, unafikaje?

Chini ya shogi, ule mfuko wa mzigo unaoning'inia pande zote mbili za mgongo, weka mito miwili ya sufi au nyasi kavu, unene wa vidole vinne, katikati pabaki mfereji ili uti wa mgongo usiguswe. Kamba ya katani, ingawa ndiyo fahari ya Tanga, izungushiwe kitambaa, inakata ngozi.

Anza saa 12 asubuhi, saa 4 awe kivulini, jioni tena kuanzia saa 10. Kila saa moja ya mwendo, dakika 10 bila mzigo. Nasema kumshusha, si kumsimamisha nao. Naye anywe, lita 15 hadi 25 kwa siku. Wengine wanabeba maji tangu alfajiri hawajayaonja.

Mgongo usio na vidonda wala mabaka mapya ya nywele nyeupe, umepatia.

Yule wa Mkata tulimshushia madumu manne, tukayaacha chini ya mwembe. Mwenyewe akayarudia kwa safari mbili, akininung'unikia zote mbili.