Kichwa cha mtu kwa udongo: kutoka kiunzi hadi plasta

Wengi wanaofinyanga kichwa cha mtu kwa mara ya kwanza huanza na macho, wakaja pua, wakamalizia mdomo, kisha wakashangaa: kila kiungo kimetoka vizuri, lakini mwenyewe hafanani. Mfanano hutokana kwanza na umbo la fuvu, upana wa taya, mteremko wa paji la uso na namna shingo inavyokibeba kichwa. Mtu unayemfahamu humtambua kwa kisogo chake akiwa mbali, kabla hajageuka. Kwa hiyo hapa tunakwenda kwa mpangilio huo, mifupa mikubwa mwanzo na sura mwisho. Maelezo yanahusu kichwa cha mtu mzima kinachofinyangwa mbele ya mtu aliyeketi, kisha kikatolewa kwa plasta.

Ukubwa

Ama ulingane na mwenyewe, ama uzidishe au upunguze waziwazi. Kichwa kilichopungua sentimita mbili tu huonekana kimesinyaa, hata kama kila uwiano uko sawa. Ron Mueck, mchongaji wa sanamu za watu ambazo hadi vinyweleo vinaonekana, hukwepa kabisa ukubwa wa kawaida: mvulana wake aliyechuchumaa, *Boy*, wa mwaka 1999, ana kimo cha karibu mita 5, na watu wake wengine ni wadogo kuliko walio hai. Kwa kazi ya mwanzo, ukubwa halisi unafaa zaidi kwa sababu kalipa, kifaa cha kupimia chenye miguu miwili, huhamisha kipimo kutoka usoni hadi kwenye udongo bila hesabu yoyote.

Kiunzi

Udongo mbichi ni mzito na hauwezi kujibeba. Kichwa na shingo huhitaji takriban kilo 12 za udongo. Ukiongeza mabega, andaa kilo 25. Mzigo huo usipopata kiunzi cha kuushika, huteremka polepole usiku na kidevu hukaa kifuani.

Chukua plaiwudi ya milimita 18, sentimita 40 kwa 40, uipake vanishi isinyonye maji. Pigilia vipande viwili vya ubao chini yake ili usijikunje na ili vidole vipate pa kushika wakati wa kuubeba. Katikati simamisha bomba la chuma la nusu inchi, urefu wa sentimita 25, kwenye flanji, yaani kitako cha chuma cha kushikilia bomba, yenye skrubu nne. Kwenye bomba funga waya wa alumini wa milimita 6, vitanzi viwili vinavyokatana, vyenye umbo la yai: upana sentimita 10, kina sentimita 13 au 14, na kilele sentimita 33 juu ya ubao. Kwa kuwa utosi utafika kama sentimita 37, unabaki na nafasi ya kutosha ya udongo pande zote.

Vitanzi visikae sawasawa juu ya bomba. Shingo hupanda ikielekea mbele, hivyo vuta vitanzi mbele kama sentimita 2. Ukisahau, bomba litatokeza kooni baadaye, na hapo hakuna tiba ila kubomoa.

Ndani ya vitanzi ning'iniza kwa waya mwembamba misalaba miwili mitatu ya vijiti vya sentimita 4. Udongo hukaa juu ya vijiti hivyo na hauporomoki. Jaza tumbo la kiunzi kwa gazeti lililofungwa utepe, upunguze uzito.

Iwapo unakusudia kuchoma sanamu tanurini badala ya kuitoa kwa plasta, acha vitanzi kabisa. Tumia bomba lenye donge la gazeti tu, ulivingirishe nailoni ili udongo uteleze utakapouchomoa.

Vipimo vya kuchukua

Kichwa cha mtu mzima huwa na kimo cha sentimita 22 hadi 24 kutoka chini ya kidevu hadi utosini, upana wa 15 hadi 16 juu ya masikio, na kina cha 19 hadi 20 kutoka paji la uso hadi kisogoni. Hizo ni namba za kukuonya pale unapopotea. Anayeketi mbele yako ndiye kipimo. Unapotaka kupima karibu na macho, mwombe ayafumbe.

Tundu la sikio ndilo kituo cha kila kitu, maana halisogei mtu anapocheka wala anapochoka. Pima kutoka hapo hadi kidevuni, hadi chini ya pua, hadi kati ya nyusi na hadi sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Ongeza upana wa mifupa ya mashavu, upana wa taya kwenye pembe zake, na kimo chote. Kila nukta uliyoihamishia kwenye udongo, itie njiti ya kiberiti ambayo ncha yake ndiyo uso wa mwisho. Njiti zikizama, umepitiliza.

Ikague migao mikubwa pia: mstari wa macho hupita nusu ya kimo cha kichwa. Wanaoanza huuweka juu mno kwa sababu nywele na paji la uso haviwavutii, na matokeo yake ni kichwa kisicho na nafasi ya ubongo. Sikio hukaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua, nyuma ya nusu ya kichwa kitazamwapo ubavuni.

Umbo kubwa

Bandika udongo kwa vipande vikubwa na uukandamize kwa kidole gumba hadi ushikamane na ulio chini yake. Upige kwa ubao mdogo ili kupata bapa: bapa la paji, mapanja mawili, mashavu, pande za taya, kisogo. Usilainishe. Maji na vidole vinavyoteleza hufuta kingo ambazo ndizo zinazoonyesha mfupa unapogeukia, na baada ya dakika kumi una kiazi kinachong'aa.

Auguste Rodin, mchongaji Mfaransa, alifanya kazi kwa kufuata kingo za umbo, akimzungukia mtu na kuunakili mstari wa nje kutoka kila upande, na hakuna njia bora ya kujifunza. Weka udongo kwenye meza ya kuzunguka, kwa kimo sawa na kichwa cha aliyeketi. Simama mahali ambapo unaona vyote viwili kwa pembe ileile. Rekebisha mstari wa nje tu, usiguse kilicho katikati. Kisha zungusha vyote nyuzi 45 na urudie, hadi umalize pande nane. Mistari minane ikiwa sahihi, katikati hujijenga karibu yenyewe.

Pande mbili husahaulika: juu na chini. Panda kiti utazame kichwa kutoka juu. Utaona kwamba uso umepinda, na pembe za nje za macho ziko nyuma sana ya shina la pua, kwa kawaida sentimita 2 au zaidi. Inama utazame kutoka chini, uone taya lilivyopinda na midomo inavyouzunguka upinde wa meno. Uso bapa ndilo kosa linaloharibu sanamu nyingi kuliko yote, na chanzo chake ni kufanya kazi ukiwa umesimama mbele tu.

Shingo ifanye mapema. Msuli mnene unaoanzia nyuma ya sikio na kushukia kwenye ncha ya mtulinga huamua kama kichwa kina uhai au kimechomekwa tu. Mtu akigeuka hata kidogo, upande mmoja hukaza na mwingine hulegea. Onyesha tofauti hiyo. Nywele nazo ni umbo kwanza: zipe ujazo na mipaka, na mchoro wa msuko au vinyweleo usubiri siku ya mwisho.

Usihamie kwenye macho hadi mtu amtambue aliyeketi akiwa mita tatu kutoka kwenye udongo usio na macho.

Macho, mdomo, masikio

Chimba matundu ya macho kwa kina kuliko unavyodhani inatosha. Viringa donge la milimita 24, ambao ndio ukubwa wa jicho zima, uliweke ndani. Sasa egemeza rula kutoka kwenye nyusi hadi mfupa wa shavu: kwa watu wengi donge halipaswi kuigusa. Likiigusa, sanamu itakuwa na macho yaliyotoka kama ya aliyeshtuka.

Kope hutengenezwa kwa kanda za udongo zenye unene wa milimita 3, zikilazwa juu ya donge zikafuata mviringo wake. Ya juu hutokeza mbele kuliko ya chini na hutia kivuli. Kivuli hicho ndicho kinacholipa jicho uzito. Fanya macho yote mawili kwa pamoja, kope kwa kope. Ukilimaliza moja kwanza, la pili litakuwa nakala ya udongo badala ya kuwa jicho la mtu.

Mboni unaweza kuiacha bila alama. Ukitaka mtazamo mkali, fuata alichokifanya mchongaji Mfaransa Jean-Antoine Houdon karne ya 18: alichimba mboni na kuacha kijipande kidogo kikining'inia juu ya shimo. Shimo huwa giza, kijipande hushika mwanga, na jicho hutazama.

Mdomo hujengwa juu ya meno. Pandisha upinde wa meno kwanza, kisha midomo iulalie. Mstari unaotenganisha midomo usiukate kwa kisu. Ukandamize kwa kijiti butu, la sivyo utaonekana kama jeraha. Sikio huinama nyuma kidogo na hutoka kwenye kichwa likiwa na unene. Liangalie kutoka nyuma, ambako wengi huwa wameligandisha kama stempu.

Kila ukiondoka, nyunyizia maji kidogo na ufunike kwa mfuko wa nailoni, ukichomeka kijiti utosini ili nailoni isiguse pua. Vitambaa vilivyolowa huharibu kingo. Udongo mpya ubandikwe ukiwa na unyevu sawa na wa zamani. Mbichi juu ya uliokauka huachana na kupasuka.

Kuchoma, kwa ufupi

Udongo ukikaza kiasi, kata utosi kwa waya, komba ndani hadi unene wa sentimita 1.5 hadi 2, kwaruza kingo, paka uji wa udongo na urudishe utosi, ukiacha tundu la hewa. Kausha wiki mbili hadi nne. Kinachopasua sanamu tanurini ni unyevu unaogeuka mvuke, kwa hiyo baki chini ya nyuzijoto 100 kwa saa nyingi kabla ya kupanda. Udongo mwingi hupungua kama asilimia 10 kwa jumla: kichwa cha sentimita 23 kitatoka chini ya 21. Ukitaka kitoke 23, kifinyange 25.5.

Plasta

Mfuko wa kilo 15 unatosha kalibu, yaani ganda la plasta linalofunika udongo na kushika umbo lake, na sanamu yenyewe. Kata vipande vya bati laini vya sentimita 3 kwa 4, uvichomeke kwenye udongo kwa mstari unaopita utosini na kushuka nyuma ya masikio hadi chini, vigawe kalibu sehemu mbili. Sehemu ya nyuma ndiyo mlango wa kutolea udongo na kiunzi.

Nyunyiza plasta ndani ya maji, kamwe usimwage maji ndani ya plasta: kilo 1.4 kwa lita moja. Iache dakika mbili inywe, kisha ikoroge chini ya uso wa maji bila kuingiza hewa. Ikianza kukaza usiongeze maji. Itupe, lakini si kwenye sinki. Plasta inayokaza hupata joto la kuunguza, hivyo usizike mkono ndani yake.

Tabaka la kwanza litie rangi ya unga, liwe na unene wa milimita 4, ukipuliza ili liingie puani na masikioni. Likikaza, paka uji mwepesi wa udongo hapa na pale, kisha weka tabaka jeupe la sentimita 2 lenye nyuzi za katani. Baada ya saa moja kwaruza maungio hadi bati lionekane, mwagia maji, gongea kabari taratibu. Toa udongo, osha, paka sabuni laini mara tatu ukiifuta kila mara; ikizidi huziba mistari myembamba.

Lowesha kalibu, funga vipande kwa katani iliyochovywa plasta, kisha mimina lita moja na nusu ya plasta ukizungusha ndani. Rudia hadi unene ufike sentimita 2. Kesho yake vunja kalibu kwa patasi butu, ukielekeza mapigo wima kwenye uso wa sanamu. Rangi ikionekana, punguza nguvu: umebakiza milimita 4. Anza kisogoni, pua na masikio yawe ya mwisho. Kipande kikivunjika, kiloweshe na ukigandishe kwa plasta nyepesi siku hiyohiyo.

Vumbi la udongo na la plasta lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe likiwa kavu. La udongo lina silika inayoua mapafu taratibu. Unapopiga msasa vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini. Sanamu ikauke wiki mbili penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa plasta ikizidi nyuzijoto 50 hupoteza maji yaliyo ndani ya chembe zake na kuanza kuwa unga.