Somo: Kurekodi maisha ya wafugaji wanaohamahama kwa sauti, filamu na maandishi

Wengi huanza kwa kuuliza wanunue kamera gani. Kamera uliyonayo inatosha. Kazi hii huharibikia kwingine, na mara nyingi ni siku ya kwanza kabisa.

Hatua ya 1: Fika mikono mitupu
Siku chache za mwanzo usirekodi chochote. Chota maji, saidia kufunga mizigo, jifunze nani hukamua na nani huamua siku ya kuhama. Kisha omba ridhaa kwa wazee, halafu kwa kila mtu, kwa lugha yake. Asiyejua kusoma, rekodi ridhaa yake kwa sauti. Aliyekubali kuhojiwa leo hajakubali kurekodiwa kesho akiwa msibani, muulize tena.

Hatua ya 2: Tanguliza sauti
Hapa ndipo ninapowasihi mtulie. Kule Mongolia, ngamia akimkataa ndama wake, wafugaji humwimbia kwa kurudiarudia, huku mtu akipiga fidla ya nyuzi mbili, mpaka akubali kumnyonyesha. Mwaka 2015 UNESCO iliiweka desturi hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Zima sauti ya video yake uone kinachobaki: mtu amesimama kando ya ngamia. Tukio lenyewe limo kwenye wimbo.

Adui wako nyikani ni upepo. Vika maikrofoni kifuniko cha manyoya, isogeze karibu na mdomo wa msemaji, na uvae hedifoni muda wote. Nilishawahi kuacha kuvaa, nikarudi na wimbo mzima wa bibi mmoja uliomezwa na mvumo. Nikimkumbuka bado inaniuma. Rekodi kwa faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, na uweke ubora kwenye kHz 48, biti 24. Kila unapoanza, tamka tarehe, mahali na anayezungumza. Kila kambi, nasa dakika moja ya ukimya wake, utaihitaji wakati wa kuhariri.

Hatua ya 3: Filamu
Kundi likipita halirudi. Litangulie, simama, liache lipite mbele yako. Usikate picha kabla ya sekunde 20. Siku ya kuvunja kambi fuata mikono: mafundo, kamba, nguzo zinavyopangwa juu ya mnyama.

Hatua ya 4: Andika kabla ya kulala
Daftari hubeba yasiyonaswa: harufu, ubishi kuhusu njia, sababu ya kuondoka mapema. Tenganisha ulichoona na ulichoambiwa.

Hatua ya 5: Hifadhi
Nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali nawe. Kwenye baridi kali, lala na betri ndani ya nguo.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nikikuta wanachunga kwa pikipiki na simu, nizikwepe ili pabaki pa asili?
Jibu: Usizikwepe hata kidogo. Robert Flaherty, katika filamu yake ya mwaka 1922 kuhusu Wainuiti wa Kanada, aliwataka wawinde kwa chusa ilhali walikuwa na bunduki. Karne imepita na bado analaumiwa. Pikipiki ndiyo maisha yao ya leo.

Swali: Naomba kuuliza, naweza kuweka ramani ya njia na visima vyao?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kisima kikijulikana na wasiohusika, wenyewe wanaweza kukipoteza. Taja eneo kwa ujumla, na hakikisha faili za picha hazibebi alama za GPS, zinazoonyesha picha ilipigwa wapi.

Swali: Hawana intaneti. Kazi ikiisha wataionaje?
Jibu: Rudi nayo kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Katika Sahara watu wamepeana nyimbo kwa miaka mingi kwa kadi na bluetooth tu, simu hadi simu. Ila nenda kabla hujaichapisha, ukae nao waitazame yote. Wakisema kipande fulani kitoke, kitoe hapohapo mbele yao.