Kantangaze kwenye nyanya: namna ya kumbana kabla hajamaliza shamba

Wakuu, kama unalima nyanya na majani yameanza kuonekana kama yamebabuka na moto wakati maji unamwagilia vizuri tu, usikimbilie kwanza duka la pembejeo. Chuma jani moja lenye baka jeupe, linyanyue ulitazame kwenye jua. Ukiona ndani ya lile baka, kati ya ngozi ya juu na ya chini ya jani, kuna vidoti vyeusi vya kinyesi na kadudu ka kijani kanajisogeza, kadogo tu kama punje ya mchele, na nyuma ya kichwa kana kamstari keusi kama kola ya shati, huyo ndo kantangaze. Ila kama hakuna baka, kuna mstari mwembamba unaopinda pinda kama njia ya nyoka, huyo ni mwingine kabisa, ni inzi mdogo anayechimba majani na madhara yake siyo makubwa kivile. Wengi wanachanganya hapo na ndo hela inapoanza kupotea.

Jina lake la kitaalamu lililozoeleka ni Tuta absoluta na siyo mwenyeji. Kwao ni Amerika Kusini, mwaka 2006 akaonekana Hispania, akavuka mpaka Afrika Kaskazini akashuka kusini, na 2014 akagundulika hapa Tanzania upande wa Arusha. Anaruka mwenyewe ndio, lakini safari ndefu anapewa lifti na sisi, kwenye matenga, kwenye nyanya zenyewe na kwenye miche. Kwahiyo miche ya kununua ikague jani kwa jani kabla hujalipa, na matenga yaliyotoka sokoni usiyaingize shambani hivi hivi, yaoshe na uyaanike juani.

Sasa kwanini anasumbua hivi? Kipepeo mwenyewe ni kadogo, ka kijivu, mchana kamejificha kwenye majani, shughuli zake ni usiku na alfajiri. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, na kwenye joto letu toka yai mpaka kipepeo mpya ni kama mwezi mmoja hivi au chini ya hapo. Kiwavi akishatoka kwenye yai anaingia ndani ya jani au ndani ya tunda, na akishaingia dawa nyingi hazimfikii, unakuwa unaosha majani tu. Akikua mara nyingi anashuka kwenye udongo anajigeuza buu, yaani anajifunga kabla ya kuwa kipepeo, huko nako humpati na bomba lako.

Mi msimu wa kwanza kukutana naye nilikuwa na nusu ekari, nikawa napiga dawa kila baada ya siku nne. Dukani nikauziwa chupa tatu zenye majina tofauti, nikajiona nabadilisha dawa kijanja, siku nimekaa na mtoto wa dada ananisomea vile vimaandishi vidogo ndo nikagundua zote tatu ni sumu ile ile. Yaani nilikuwa nawafundisha wadudu kuizoea. Nilivuna matenga 11, na mengi yake yalienda kuuzwa masalo.

Kwahiyo anza na mtego, na uanze mapema, siku unahamisha miche usingoje majani yatoboke. Chukua beseni pana, tia maji na matone machache ya sabuni ya maji, halafu kile kidonge cha feromoni, ile harufu ya kumvuta dume, kining'inize juu ya maji kwa waya kibaki vidole viwili vitatu bila kugusa maji. Usikishike kwa mkono mtupu. Beseni likae chini chini maana hawa jamaa wanarukia chini, ukilitundika juu kama taa utapata nzi tu. Kila asubuhi pita uhesabu. Mabeseni mawili kwa ekari yanatosha kukuambia kama ameingia, ila kama unataka kuwapunguza kabisa inabidi yawe mengi, hata 15 au 20 kwa ekari, na kidonge ubadilishe kila baada ya wiki nne mpaka sita. Lakini kumbuka mtego unakamata madume peke yake, majike bado wako shambani, hivyo asikudanganye mtu kwamba beseni peke yake linatosha.

Wakati huo huo pita unachuma majani yenye mabaka na matunda yenye vitundu karibu na kikonyo. Usiyatupe pembeni ya shamba! Yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga kabisa, acha juani wiki mbili wapikike humo ndani. Ng'oa na mnavu ulioota pembeni, pia angalia bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo vya jirani, huko kote anaishi bila shida.

Dawa inakuja hapo, idadi kwenye beseni inapoanza kupanda. Kwenye lebo tafuta jina la kiambata, yaani sumu yenyewe iliyomo, na namba ya kundi, inayoonyesha sumu hiyo inamuua mdudu kwa njia gani. Klorantraniliproli ni kundi 28, spinosadi ni 5, emamektini na abamektini zote ni 6, kwahiyo kutoka emamektini kwenda abamektini hujabadilisha kitu. Kaa na kundi moja kama mwezi, yaani kizazi kimoja cha mdudu, kizazi kinachofuata hamia namba nyingine. Kama wadudu bado wachache mwarobaini unasaidia, na zile dawa za Bt pia, yaani bakteria wanaoua viwavi, ila ziwahi viwavi wakiwa wadogo kabisa. Piga jioni jua likishuka, lenga chini ya majani, vaa glovu na barakoa, na zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye chupa ziheshimu maana nyanya hizo wanao wako nao wanakula. Kuchanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja kwa kukisia, hapana.

Wenye banda la neti hakikisheni matundu ni madogo na mlango uwe wa mara mbili, ukiacha upenyo mmoja umejenga hoteli. Kuna na habari nzuri kidogo, pale Nairobi taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE walileta kanyigu toka Peru kanakotaga mayai ndani ya kiwavi wa kantangaze na kumuua, ila dawa kali za kuua kila kitu zinakamaliza na kenyewe, sababu nyingine ya kupunguza mkono kwenye bomba.

Ukimaliza kuvuna usiache mashina yamesimama wiki nzima eti utayaondoa ukipata nafasi. Ng'oa siku hizo hizo, choma au fukia kwenye shimo refu, lima udongo ugeuke mabuu wapigwe jua, na msimu unaofuata hapo weka mahindi au vitunguu.