Jinsi ya kupima kama BIM inarudisha pesa yake kwa mjengo

Hapa Nairobi ukiuliza mtu BIM (kuunda modeli ya jengo kwa kompyuta kabla ya kujenga) imemsaidia nini, anakufungulia Navisworks, programu ya kukagua modeli, anakuonyesha migongano elfu mbili (mahali vitu viwili vimegongana kwa modeli, kama paipu na biimu), "ona vile tumeokoa." Hiyo si hesabu.

Hatua ya 1: andika gharama zote. Laisensi ya Revit (programu ya kuchora modeli), kompyuta zenye nguvu, mafunzo, mshahara wa mwenye kuchora modeli, na ile miezi ya kwanza kazi inaenda polepole juu watu bado wanajifunza (hii wengi huiruka makusudi ndio asilimia ipendeze).

Hatua ya 2: tafuta mjengo wa kulinganisha, wa aina hiyohiyo, mliofanya bila modeli. QS (mkadiriaji wa gharama) akutolee variesheni zote, yaani mabadiliko ya kazi baada ya mkataba, halafu utoe zile za mteja kubadilisha tailsi na kabati, hizo modeli haizuii.

Hatua ya 3 ndio yenye kazi. Tuseme ni apatimenti za ghorofa 12 Kilimani na paipu ya choo ya inchi 4 imepita katikati ya biimu. Programu itakuhesabia mara 12, lakini kwa ukweli plamba angeiona ghorofa ya kwanza, apige kelele, na injinia arekebishe michoro ya zile za juu, so umeokoa ghorofa moja, labda mbili kama zege ilikuwa imeshamwagwa. Kaa na foremani na QS mpitie mgongano mmoja mmoja: huu ungefika saiti kweli? Kutoboa zege, injinia kuja kukagua, mafundi kukaa bure, zote ni ngapi? Kama ni 180,000 na uwezekano wa kufika saiti ni nusu, andika 90,000 basi.

Hatua ya 4: siku zilizookolewa zidishe na gharama ya saiti kwa siku, yaani walinzi, kreni, jukwaa za kukodi. Mafundi kukaa bure usiwaweke tena, umeshawahesabu.

Hatua ya 5: akiba (jumla ya hatua ya 3 na 4) toa gharama (za hatua ya 1), gawa kwa gharama, mara 100. Akiba 3,600,000, gharama 2,400,000, unapata 50%.

Hatua ya 6: rudia hesabu kwa kila mhusika, maana ofisi ya akitekti ndio inalipa laisensi na akiba nyingi inaingia kwa mwenye jengo ama kontrakta. Hiyo 50% ya mradi inaweza kuwa hasara tupu kwako, na hiyo ndio karatasi ya kubeba ukienda kuitisha ada ya modeli.