Somo: Kuhifadhi seli za wanyama walio hatarini kwa kuzigandisha, kuanzia ngozi hadi tangini

Tarehe 10 Desemba 2020 alizaliwa nchini Marekani kicheche jike wa miguu myeusi aliyepewa jina la Elizabeth Ann. Hakuwa na baba. Alikuwa nakala ya kijenetiki ya kicheche mwingine, Willa, ambaye seli zake ziligandishwa mwaka 1988. Nimeanza na habari yake kwa sababu Willa hakuacha kizazi kilicho hai: vicheche wote wa spishi hiyo waliokuwapo duniani walitokana na wanyama saba tu, naye hakuwa mmoja wa hao saba. Waliohifadhi seli zake hawakuwa na namna ya kujua zingekuja kutumiwaje, maana kondoo Dolly, mamalia wa kwanza kuundwa kutokana na seli ya mnyama aliyekwisha kukomaa, alizaliwa mwaka 1996. Walichofanya ni kupata kipande safi, kukitunza ipasavyo na kuandika kilikuwa cha mnyama yupi.

Kazi hiyo ndiyo ninayoieleza hapa. Wengi hudhani ugumu wake uko kwenye naitrojeni ya kimiminika, ile yenye ubaridi mkali inayojaza tangi la kuhifadhia, na mitambo. Kwa uzoefu wangu, tangi ndilo jepesi kuliko yote, na sampuli nyingi zinazopotea huwa zimekwisha kupotea kabla ya kulifikia, ama kwa wembe usio safi, ama kwa joto la njiani, ama kwa lebo. Somo linahusu seli za ngozi. Mbegu za kiume, mayai na viinitete vina taratibu zao, nami nitavigusa kwenye maswali.

Hatua ya kwanza: ruhusa

Usimguse mnyama kabla ya kupata kibali cha mamlaka inayomlinda. Ikiwa sampuli itavuka mpaka, hata kama ni kichupa kimoja chenye matone machache, huenda ikahitaji hati za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na nchi nyingi zinafuata pia Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, kuhusu nani ana haki juu ya rasilimali za kijenetiki na manufaa yake. Anza mapema, kwa kuwa makaratasi huchukua muda mrefu kuliko maisha ya seli zilizomo kwenye kipozeo.

Hatua ya pili: kuchukua kipande

Hapa ndipo pa kutulia. Nafasi nzuri ni siku ambayo daktari wa wanyama amekwisha kumlaza mnyama usingizi kwa sababu nyingine, kama vile matibabu au kuwekewa alama, ili asisumbuliwe mara mbili. Sehemu inayofaa ni ukingo wa sikio au ngozi laini ya ndani ya paja. Nyoa manyoya, osha kwa sabuni ya kuua vijidudu, kisha pangusa kwa alkoholi zaidi ya mara moja, na baada ya kupangusa subiri ngozi ikauke kabisa. Watu huharakisha hapo, nayo alkoholi iliyobaki ikiingia pamoja na kipande huua zile seli unazozitaka. Kipande cha milimita tatu hadi tano kinatosha, mradi kifike chini ya tabaka la juu, kwa sababu seli tunazozitafuta, ziitwazo faibroblasti, hukaa kwenye tabaka la ndani. Ukikwangua juu juu utarudi na seli zilizokwisha kufa na bakteria wengi.

Kitumbukize kipande mara moja kwenye kichupa chenye kimiminika cha kuoteshea seli kilichotiwa antibiotiki pamoja na dawa ya kuvu. Usikitie fomalini, kwa kuwa fomalini hugandamanisha protini na kuua kila kitu. Usikitie alkoholi pia. Na usikiweke kwenye friza kwa kudhani kwamba unakitunza: barafu ikiumbika ndani ya seli zisizo na kinga, fuwele zake huzipasua.

Hatua ya tatu: safari

Weka kichupa kwenye kipozeo chenye ubaridi wa nyuzi joto 4 hivi, na tenganisha kichupa na vipande vya barafu kwa kitambaa ili kisigande upande mmoja. Kikifika siku ileile ni vyema zaidi, ingawa ngozi iliyotunzwa baridi huweza kutoa seli hai hata baada ya siku kadhaa.

Hatua ya nne: kuotesha

Maabarani kipande hukatwakatwa kuwa chembe za milimita moja hivi. Kuna wanaotumia kimeng'enya cha kuyeyusha kolajeni, protini inayoishikanisha ngozi, ili kuziachilia seli, na kuna wanaozibandika chembe hizo chini ya chombo na kungoja seli zitoke zenyewe. Mimi hupenda njia ya pili kwa kipande kidogo, kwa sababu haina papara. Chombo huwekwa katika inkyubeta yenye joto la mwili wa mnyama, yaani nyuzi 37 kwa mamalia wengi, pamoja na hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi. Seli za ndege hutaka joto zaidi kidogo na za vyura hutaka ubaridi.

Siku za mwanzo huoni kitu. Kisha asubuhi moja unaweka chombo chini ya hadubini na kukuta pembeni mwa ile chembe nyeusi seli mbili tatu, ndefu, zimechongoka ncha zote mbili, zimelala kuelekea nje. Baada ya wiki moja zimekuwa mamia, zimejipanga sambamba kama mikeka iliyoanza kusukwa. Zikikaribia kujaza chombo huhamishiwa chombo kikubwa zaidi, lakini usizihamishe mara nyingi, kwa kuwa kila kizazi cha seli kinachogawanyika nje ya mwili hujiongezea hitilafu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba. Kabla ya kugandisha, hesabu kromosomu na uzipime seli dhidi ya maikoplazma, bakteria wadogo wasioonekana kwa hadubini ya kawaida wala kukitia ukungu kimiminika cha kuoteshea, ambao wakiingia kwenye inkyubeta moja huambukiza kila chombo kilichomo.

Hatua ya tano: kugandisha

Mwaka 1949, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walionyesha nchini Uingereza kwamba mbegu za jogoo zikitiwa gliseroli, kimiminika kizito kinachozikinga seli dhidi ya barafu, zinaweza kugandishwa na kuamka tena. Miaka kumi baadaye ikajulikana kwamba dimethili salfoksaidi, ambayo maabarani huitwa DMSO, hufanya kazi hiyohiyo na hupenya ndani ya seli upesi zaidi. Kwa faibroblasti tunatumia asilimia 10 ya DMSO katika kimiminika chenye seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, na seli milioni moja au mbili kwa kila kichupa.

Mwendo wa kupoza ndio siri. Ukipoza kwa kasi mno, maji yaliyomo ndani ya seli hayapati nafasi ya kutoka, yanaganda humohumo na kuipasua. Ukipoza taratibu mno, barafu hujiunda nje kwa muda mrefu, chumvi iliyobaki hukolea, na seli hunyonywa maji hadi ikasinyaa na kufa. Kati ya mauti hayo mawili kuna njia nyembamba, na kwa seli za ngozi njia hiyo ni kushuka nyuzi joto 1 hivi kwa dakika. Si lazima uwe na mashine ya gharama kubwa: boksi la vichupa lililozungukwa na alkoholi ya isopropili, likiachwa usiku mzima katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, hushuka karibu na mwendo huo. DMSO ni sumu kwa seli katika joto la chumba, kwa hiyo ukishaichanganya usiende kunywa chai. Siku inayofuata vichupa huhamishiwa kwenye tangi la naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Usiviache katika friza ya nyuzi 80 kwa miezi ukidhani vimehifadhiwa, kwa kuwa katika ubaridi huo fuwele za barafu bado huendelea kukua na seli hupungua polepole.

Hatua ya sita: lebo, na kichupa cha majaribio

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo tuliandika vichupa kwa kalamu ya wino, kisha tukavipangusa kwa alkoholi kabla ya kuvitia tangini, kama tulivyozoea kupangusa kila kitu. Tulivitoa miaka miwili baadaye na kukuta vichupa kumi na kimoja vyeupe kabisa. Seli zilikuwa hai. Tulipima vinasaba tukajua ni za spishi gani, lakini yupi alikuwa yupi, na nani alikuwa mzazi wa nani, hatukuweza tena kusema, maana hatukuwa na sampuli nyingine ya kulinganisha nazo. Tangu hapo natumia lebo zilizochapishwa za kuvumilia ubaridi mkali, zenye msimbopau, na nambari hiyohiyo naiandika kwenye daftari na kwenye kompyuta mbili zisizokaa jengo moja. Andika spishi, jinsia, umri, mahali mnyama alipotoka, wazazi kama wanajulikana, tarehe, aliyechukua kipande, na ni mara ngapi seli zilihamishwa chombo.

Wiki moja baada ya kugandisha, toa kichupa kimoja na ukiyeyushe haraka katika maji ya nyuzi 37 hadi kibaki kijipande kidogo cha barafu. Tia rangi ya buluu ya tripani: seli zilizokufa huinywa, zilizo hai huikataa. Ukikuta nusu yake ni buluu, rudia kazi yote wakati ngozi ya mnyama bado inapatikana. Vichupa vilivyobaki vigawe kwenye matangi mawili, na kama inawezekana, katika miji miwili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwa nini tujitaabishe kuotesha seli ilhali tunaweza kuhifadhi DNA peke yake katika alkoholi kwa gharama ndogo?

Jibu: DNA katika alkoholi nayo ihifadhiwe, tena ni kazi rahisi. Itakuwezesha kusoma vinasaba na kujua undugu wa wanyama. Haitakupa mnyama. Ili kupata kiinitete kwa njia ya Elizabeth Ann unahitaji kiini kizima cha seli hai, ambacho hutiwa ndani ya yai lililoondolewa kiini chake, na kwa kuzalisha seli shina, zile ziwezazo kugeuka kuwa seli za aina nyingine, za kutengenezea mayai au mbegu unahitaji seli inayogawanyika. Kichupa kimoja cha seli hai kitakupa pia DNA nyingine kila utakapoihitaji, kwa hiyo mwenye seli ana vyote viwili.

Swali: Je, mayai ya ndege aliye hatarini yanaweza kugandishwa?

Jibu: Hapana. Kiini cha njano ni kikubwa mno na kimejaa mafuta, na hakuna mwendo wa kupoza unaolifaa yai lote kwa pamoja. Wataalamu hugandisha badala yake seli asilia za uzazi, zinazochukuliwa kutoka kwa kifaranga aliye bado tumboni mwa yai, na baadaye huzitia ndani ya kiinitete cha ndege mwingine ili aje kutoa mbegu au mayai ya yule wa kwanza. Kwa kuku njia hii imezoeleka. Kwa ndege wa porini bado ni kazi ngumu. Hata hivyo seli za ngozi za ndege huhifadhika: po'ouli wa Hawaii aliyefia kizuizini mwaka 2004 ameacha seli katika hifadhi ya seli zilizogandishwa ya San Diego, Marekani.

Swali: Mnyama amekutwa amekufa tangu jana. Je, tumechelewa?

Jibu: Pengine hamjachelewa. Mwondoeni juani, mzuieni asipate joto, na msimgandishe mzima. Kateni sikio pamoja na gegedu yake, kwa kuwa gegedu huoza taratibu kuliko viungo vya ndani. Mkiwa na shaka, chukueni sehemu kadhaa na mwache maabara iamue.

Swali: Ndugu mwalimu, mimi naona jambo hili linawapa watu kisingizio cha kuharibu misitu, kwa kuwa watasema wanyama wako kwenye friza.

Jibu: Hofu yako ina msingi, na mbuzi-mwitu wa milima ya Pireneo anaiunga mkono. Jike wa mwisho, Celia, alikufa mwaka 2000. Seli zake zilikuwa zimechukuliwa mwaka 1999, na mwaka 2003 nakala yake ikazaliwa Uhispania, ikafa baada ya dakika chache kwa kasoro ya mapafu. Hata ingeishi, seli zote zilikuwa za jike mmoja, hivyo dume lingetoka wapi? Faru weupe wa kaskazini wamebaki wawili, Najin na Fatu, wote majike, wanaotunzwa Ol Pejeta nchini Kenya, na bado mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa zimewezesha kupata viinitete kwa mayai ya Fatu. Kwa maoni yangu, hifadhi ya seli ina faida kubwa kwa spishi ambayo bado ina makazi na wanyama mia kadhaa, ambapo kichupa cha zamani kinarudisha vinasaba vilivyopotea. Kwa spishi iliyokwisha kupoteza makazi yake, sijui mnyama huyo akizaliwa atapelekwa wapi.

Swali: Seli hudumu kwa muda gani tangini?

Jibu: Chini ya nyuzi 135 hivi chini ya sifuri maji yaliyomo ndani ya seli huwa kama kioo, na kemia ya uhai husimama. Seli za farasi-mwitu wa Przewalski zilizogandishwa mwaka 1980 zilitoa mtoto hai mwaka 2020. Kinachoua seli tangini ni naitrojeni kukauka, kwa sababu inachemka usiku na mchana hata mfuniko ukiwa umefungwa. Pima kina chake kwa kijiti kila wiki, andika, na awepo mtu wa pili mwenye ufunguo.

Swali: Tunataka kuweka tangi katika chumba kidogo kisicho na dirisha. Kuna hatari yoyote?

Jibu: Msiweke. Lita moja ya naitrojeni ya kimiminika ikichemka huwa gesi ya karibu lita 700, isiyo na rangi wala harufu, na hufukuza oksijeni chumbani bila mtu kuhisi chochote hadi azimie. Tafuteni chumba chenye hewa inayopita, wekeni kengele ya kupima oksijeni kwenye urefu wa pua, na msipande lifti pamoja na tangi. Anayetoa vichupa avae ngao ya uso, kwa kuwa kichupa kilichoingiwa na kimiminika hulipuka kinapopata joto. Aliyezimia msimfuate ndani kabla ya mlango kufunguliwa na hewa kubadilika.