Mkate wako wa kwanza kwa jiko la mkaa, hapa Dodoma

Maelekezo mengi ya mkate hayataji hewa, na hapa kwetu hewa ni nusu ya kazi. Mvua zikishakatika, Juni na Julai upepo mkavu unavuma, na donge likiachwa wazi linafanya gamba juu. Gamba hilo huuzuia mkate kupanda. Kwa hiyo tafuta kwanza kitambaa safi, ukiloweshe na kukikamua.

Pima unga wa ngano nusu kilo, hamira ya punje kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kijiko cha chai kimoja, sukari kijiko cha chakula kimoja na mafuta ya alizeti viwili. Napenda alizeti ya kukamuliwa mtaani. Harufu yake ya mbegu inabaki hata mkate ukipoa. Kama maji ya kwako yana chumvichumvi, punguza chumvi kidogo.

Maji ni mililita 300, ya uvuguvugu. Yakikuchoma kidole, yataua hamira. Unga uliokauka sana huomba vijiko viwili vitatu vya ziada, uupe.

Sasa kanda, dakika kumi hadi kumi na mbili. Hapa ndipo wengi hukata tamaa: donge linanata, wanaongeza unga, kisha wanaongeza tena, na mkate unatoka mgumu. Tafadhali usiongeze. Paka mafuta viganjani, sukuma kwa kisigino cha mkono, kunja, zungusha. Litalainika lenyewe. Kata kipande, kivute taratibu. Kikitanuka hadi mwanga upite bila kuchanika, umemaliza. Ukipenda, changanya konzi ya zabibu kavu. Mkoa wetu unalima zabibu, tuzile.

Funika donge kwa kitambaa chako, liweke mbali na dirisha. Oktoba kwenye joto huumuka ndani ya saa moja. Julai hata saa mbili. Usitazame saa, litazame donge: liwe limekua mara mbili. Litoe hewa, liviringe, liweke kwenye chombo kilichopakwa mafuta, lifunike tena mpaka livimbe vizuri.

Wakati huo weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, funika, uipashe moto robo saa. Tumbukiza chombo chako, kisha upalie moto juu ya mfuniko. Mkaa mwingi uwe juu, chini bakiza kidogo tu, kwa sababu chini ndiko kunakoungua. Usifunue kabla ya dakika 25. Kwa kawaida huiva kati ya 35 na 45. Gonga kitako cha mkate, kilie kama kitu chenye uwazi ndani.

Uache upoe kabisa ndipo ukate, la sivyo ndani utashikana kama ugali. Unaobaki ufunge kwenye kitambaa kikavu, uweke ndani ya sufuria yenye mfuniko, maana ukilala wazi, asubuhi umekauka.