Ngamiani kwa baisikeli: vitumbua, wali na kanga

Ukitaka kuijua Tanga, vuka reli kutoka upande wa bandarini uingie Ngamiani. Barabara zake zimepewa namba, kwa hiyo kupotea ni kazi. Ila ukielekezwa duka, usiridhike na namba peke yake. Uliza na mtaa unaoikata, maana barabara moja ni ndefu. Kodi baisikeli, mji ni tambarare.

Anza saa moja asubuhi kwa vitumbua. Kitumbua kizuri kina ukingo wa kahawia na ndani kina vitundu vitundu. Kibonyeze kidogo: mafuta yakichuruzika, kilipikwa kwa moto hafifu kikanywa mafuta. Kiache, nenda kwa jirani.

Mchana fuata mama lishe mwenye benchi lililojaa mafundi na wapagazi, na ufike kabla ya saa saba. Ukichelewa utapata ukoko na mchuzi ulioongezwa maji. Uliza bei kabla hujapakuliwa, hasa ukitaka samaki, maana wali maharage na wali samaki ni bei mbili tofauti.

Kwenye maduka ya kanga, kunjua doti nzima pale pale. Vipande vyote viwili viwe na jina moja, yaani maandishi yale yale, mji, lile pambo la ndani ya pindo, ukae katikati, pindo zisipinde. Kanga iliyochapwa kombo haishoneki vizuri, na ukishaikata hairudishwi.

Ijumaa maduka mengi hufungwa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane hivi, kwa ajili ya swala. Mwezi wa Ramadhani, nenda jioni: futari hupangwa barabarani tangu alasiri.